Mtani wa Bibi Konsolata

Choroko ilimzima Egidia Komba katikati ya sentensi, ukingoni mwa kaburi la mwalimu wake wa zamani, na waombolezaji wote wakadhani ni huzuni.

Alikuwa amevaa koti la marehemu na miwani yake. Yeye ni Mngoni, marehemu alikuwa Mhehe, na makabila hayo mawili yaliyowahi kupigana vita yalikwisha kukubaliana zamani kwamba katika misiba yao mtani ana haki ya kumwigiza marehemu, kuwakejeli wafiwa, na kuzuia jeneza lisiteremke mpaka atulizwe. Egidia alikuwa ameanza vizuri.

“Mimi Mwalimu Luhwago,” alisema kwa sauti nzito ya marehemu, “nimekufa jana ili nisisahihishe madaftari ya leo.”

Watu wakaangua kicheko. Akafungua mdomo aendelee, na hapo uso ukamlegea taratibu. Akavua miwani, akaketi juu ya kifusi cha udongo, akawa mpole.

“Maskini, alimpenda sana mwalimu wake,” alisema mama mmoja.

Wendelini Kihongole, mumewe, alikuwa amesimama nyuma ya umati. Bangili iliyokuwa mkononi mwake ilitetemeka mara mbili. Maana yake ilikuwa moja: dozi ya ziada imetolewa. Pale makaburini ni yeye tu aliyejua kwamba mkewe hakuwa na huzuni zaidi ya ile aliyokuwa nayo dakika moja kabla.

Jina rasmi la kifaa kile ni kidhibiti cha chini ya ngozi. Wagonjwa ndio waliokiita choroko, kwa sababu ya ukubwa wake, na jina hilo likaingia hata katika vitabu vya wauguzi. Hupandikizwa chini ya mtulinga, mfupa kati ya shingo na bega. Kutoka hapo husikiliza sauti ya mwenyewe kupitia mfupa, hupima usingizi na mapigo ya moyo, na hulinganisha kila sentensi na ile iliyoitangulia. Umbali kati ya sentensi ukizidi kiwango fulani, au msemaji akidai kuwa mtu mwingine, choroko hutoa dawa. Huitoa mapema, kabla mwenyewe hajahisi chochote. Hilo ndilo lililokuwa jipya, na hilo ndilo lililowapa maelfu ya watu maisha.

Egidia alikuwa mmoja wao. Akiwa na miaka kumi na tisa, katika bweni la chuo cha ufundi Songea, aliacha kulala na akaanza kusikia amri ndani ya mabomba ya maji. Shangazi yake mmoja aliwahi kuugua ugonjwa huohuo, saikosisi, kabla choroko haijakuwapo, akaishia kuishi chumba cha uani, mlango ukifungwa kwa nje. Egidia alifikishwa kliniki wiki ya tatu. Akatibiwa, akapandikizwa choroko, akarudi chuoni. Sasa alikuwa fundi mkuu wa pampu katika mradi wa maji, ana mume, ana binti aitwaye Beata, na ugonjwa haukuwahi kurudi. Kila mwaka alijaza dodoso la ubora wa maisha, na kila mwaka alama zake zilikuwa miongoni mwa za juu kabisa. Wendelini alizijua kwa sababu kuchambua madodoso hayo ndiyo kazi yake katika kituo kinachosimamia choroko. Walikutana siku Egidia alipokuja kutengeneza pampu ya kituo. Kwa maneno mengine, hakuwahi kumjua bila choroko.

Aliyeligundua lile jambo la makaburini ni Bibi Konsolata, bibi yake Wendelini, aliyemlea, Mhehe kama marehemu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele na macho yake yalikuwa mazima.

“Mke mwenzangu,” alimwambia Egidia walipokuwa wakirudi, maana ndivyo alivyomwita tangu siku ya harusi, “nani kakuzima?”

“Choroko, Bibi.”

“Kwa kosa gani?”

“Nilisema mimi ni Mwalimu Luhwago.”

Bibi alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. “Sasa nisikilize. Siku yangu wewe ndiye mtani wangu. Na uje mzima, usije nusu. Mimi sitaki kuzikwa kimyakimya kama mali ya magendo.”

“Bibi, acha maneno hayo,” alisema Wendelini.

“Wewe nyamaza, mume wetu. Hapa wake zako wanazungumza.”

*

Bibi Konsolata alifariki msimu wa baridi uliofuata, usingizini. Asubuhi ileile, kabla hata hawajafunga mizigo, Egidia alimwambia mumewe anachotaka. Saa nne walikuwa mbele ya Daktari Leokadia Mapunda.

“Karibu, Mhehe,” alisema daktari, ambaye naye ni Mngoni. “Mbwa umemfunga wapi? Nisije nikasikia umemtafuna njiani.”

“Nimemwacha nje, Daktari. Anakimbizana na panya wa chakula chako cha mchana.”

“Pole na msiba.” Alisema hivyo kwa sauti tofauti kabisa, akawashika mikono wote wawili. Kisha akaketi. “Haya. Egidia, sema mwenyewe.”

“Nataka ngazi ya kwanza. Siku tatu.”

Choroko ina ngazi tatu. Katika ngazi ya tatu, wanamoishi wagonjwa wote, hupima na kutoa dawa yenyewe. Katika ngazi ya kwanza hutoa kiasi kidogo tu cha kila siku. Ikiona hatari hupeleka taarifa kwenye bangili ya shahidi, basi. Ngazi ya pili ipo katikati. Ilitumika maabara wakati kifaa kikijaribiwa na hakuna aliyeishi nayo. Ngazi haibadilishwi na mwenyewe, kwa sababu mgonjwa anayeanza kuugua mara nyingi huamini kwamba hajawahi kuwa na akili timamu kama siku hiyo. Hubadilishwa na shahidi, mtu aliyechaguliwa na mgonjwa akiwa mzima, kwa kibali cha daktari. Shahidi wa Egidia alikuwa Wendelini.

“Wendelini, takwimu unazo wewe,” alisema daktari.

“Walioteremshwa ngazi ya kwanza kwa siku tatu, mmoja kati ya tisa alianza kuugua tena,” alisema. “Wengi wao walirejea hali yao ndani ya mwezi. Wawili hawajarejea mpaka leo.”

“Wanane kati ya tisa hawakuugua,” alisema Egidia.

“Ndiyo.”

“Umesema ya mmoja ukaacha ya wanane.”

“Kwa sababu huyo mmoja anaweza kuwa mke wangu.”

Egidia alikuwa akitazama mikono yake, iliyokuwa na alama za grisi ambazo haziondoki kwa sabuni.

“Mimi ninaishi vizuri,” alisema. “Nataka hilo lieleweke kwanza, maana sitaki mtu aseme nimekosa shukrani. Nalala. Nafanya kazi. Namlea Beata. Shangazi yangu hakupata hata kimoja. Kwenye dodoso najibu ukweli. Lakini zamani nilikuwa mtu wa maneno, Daktari. Nilikuwa nikiingia mahali, watu wanashika mbavu. Sasa utani unakuja, nauona kabisa unavyokuja, na kabla haujafika mdomoni, kuna mkono unaniwekea blanketi. Blanketi ni zuri. Lina joto. Lakini Bibi hakuniomba blanketi.”

“Kwenye dodoso hakuna swali la utani,” alisema Wendelini. Hakuwa akipinga. Alikuwa ameligundua wakati huohuo, na lilimkera kama hesabu iliyokosewa mwanzoni.

“Waliolitunga hawakuwa na watani,” alisema daktari. “Na mashine tuliifundisha kwa sauti za wodini na ofisini. Hakuna aliyefikiria kuipeleka msibani.” Akamgeukia Wendelini. “Mimi kibali natoa. Afya yake inaruhusu. Lakini nikueleze, mtani wangu, kitakachokukuta. Utani wa mtu hodari una kasi, unarukaruka, unachukua sauti za wengine. Ugonjwa wake ukianza nao una kasi, unarukaruka, unachukua sauti za wengine. Bangili itakupigia kelele kwa vyote viwili. Itabidi uamue mwenyewe.”

“Kwa kipimo gani?”

“Sina.”

Wendelini aligeuzageuza bangili mkononi. Alikuwa mtu asiyevuka barabara bila kutazama pande zote mara mbili, hata kama ni uchochoro. Mwishowe alivua bangili, akaishika mbele ya kifaa cha daktari, akaidhinisha.

“Asante,” alisema Egidia.

“Usinishukuru. Rudi tu.”

*

Gari lisilo na dereva liliwafikisha Ifunda, kijijini kwa Bibi, na kukataa kuendelea pale lami ilipoishia, kwa hiyo walipanda kilima kwa miguu. Kufikia jioni Egidia alikuwa ameanza kubadilika, au kurudi. Wendelini hakujua neno sahihi. Alitembea haraka zaidi. Alimwimbia Beata kwenye simu wimbo mzima alioutunga hapohapo kuhusu mbuzi aliyekataa kwenda kliniki. Usiku alilala saa chache.

Asubuhi ya maziko alitoka ndani akiwa amevaa sweta la Bibi Konsolata lenye vifungo visivyofanana, amejifunga kitenge chake na kushika fimbo yake. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Bibi, mbele ya jeneza. Akaketi jinsi Bibi alivyokuwa akiketi, kwa awamu mbili.

“Nani kawaambia mnizike asubuhi?” aliuliza. “Asubuhi nina miadi na kibuyu cha ulanzi.”

Uwanja mzima ulishtuka, kisha ukacheka. Sauti ilikuwa ya Bibi hasa, pamoja na ule mkwaruzo wa mwisho wa sentensi.

“Galus!” Aliyeitwa alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, mzee wa miaka sabini, msimamizi wa msiba, aliyekuwa akilia tangu jana. “Mwanangu, unalia nini? Ulipokuwa mdogo ulilia hivyohivyo nikikuogesha. Na kwa harufu inayonifikia humu sandukuni, hujaoga tena tangu siku ile.”

Mzee Galus alicheka huku machozi yakimtiririka, akajipiga paja. Bangili ya Wendelini ilianza kutetemeka na haikuacha. Kiashiria chake kilikuwa cha rangi ya chungwa.

Walipofika kaburini, Egidia aliteremka shimoni kabla ya jeneza, akajilaza.

“Shimo fupi!” alipaza sauti kutoka chini. “Mmepima kwa mbwa? Wahehe bwana, mkiona kitu chochote mnapima kwanza kama mbwa ataenea! Sitoki humu mpaka niletewe ulanzi, na mseme kwa sauti: Wangoni walitupiga.”

“Kamwe!” alijibu Mzee Galus.

“Basi mteremsheni Bibi juu yangu. Tutapiga soga mpaka kiama, na wa kusengenywa ni ninyi.”

Watu walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Wendelini hakuwa amewahi kuona msiba wa namna hii, na hakuwa amewahi kumwona mwanamke huyu. Alikuwa mzuri kupita kiasi. Wazo hilo lilimjia waziwazi, na papo hapo likafuatwa na jingine: mmoja kati ya tisa.

Egidia aliinuka, akaegemea ukingo wa kaburi kwa viwiko, akamtafuta kwa macho.

“Na huyu mume wangu! Mtazameni. Amesimama kama nguzo ya umeme iliyosahauliwa waya. Anapima. Nikisema, anapima. Nikikoroma, anapima. Juzi bomba la jikoni limeniita. Likasema, Egidia, mwanaume huyu siku akifa, madaktari wakimpasua watakuta ndani rula tupu!”

Kicheko kilipasuka pande zote. Kiashiria cha bangili kikawa chekundu.

Bomba limeniita. Wendelini aliwahi kusikiliza kituoni rekodi ya siku Egidia alipolazwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, kabla hawajaoana. Msichana wa miaka kumi na tisa, kwa sauti hiihii, kwa kasi hiihii, akieleza mabomba yanavyomwita kwa jina. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya bangili. Kugusa mara moja kungemrudisha ngazi ya tatu, na angeketi kwenye udongo, mpole, na watu wangesema alimpenda sana Bibi. Na kama huu ulikuwa ugonjwa, kila dakika ya kusubiri ilikuwa hasara.

Kitu kimoja tu alikikumbuka katika rekodi ile. Daktari alikuwa akimuuliza maswali, na msichana hakungoja maswali yaishe wala hakuyajibu. Maneno yalipita juu ya watu kama maji yanavyopita juu ya mawe.

Wendelini alikohoa.

“Bomba hilo ni la Kingoni,” alisema. Sauti ilimtoka kavu, na kicheko kikakatika kwa mshangao, kwa sababu hakuna mtu Ifunda aliyewahi kumsikia akitania hadharani. “Ndiyo maana linavujisha maneno badala ya maji.”

Egidia, udongo ukiwa umemjaa nyweleni, alimkazia macho. Alikuwa amenyamaza. Alikuwa amesikia, na alikuwa akilipima jibu.

“Nani kasema hivyo?” aliuliza.

“Mhehe.”

“Kumbe wanasema!” Akaugeukia umati, mikono juu. “Leteni ulanzi, jamani! Huyu nimemzaa leo!”

Wakaleta ulanzi. Wendelini aliondoa kidole kwenye bangili. Mzee Galus aliinama kaburini, akanong’ona kwa nguvu ya kutosha kusikika na wote kwamba Wangoni huenda waliwapiga, mara moja, siku ambayo Wahehe walikuwa wamelala. Egidia akakubali kutoka. Jeneza likashuka, na mahali pale, akiwa bado na sweta la Bibi, alilia kama watu wengine walivyolia.

*

Asubuhi ya siku ya tatu, baada ya matanga kuanuliwa, Wendelini alimkuta nyuma ya jiko akisugua sufuria kubwa za msiba kwa majivu. Ilikuwa siku ya kumrudisha ngazi ya tatu. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi.

“Kaa,” alisema Egidia. “Nina la kukuambia kama shahidi, siyo kama mume.”

Akakaa juu ya sufuria iliyopinduliwa.

“Alfajiri nilisikia jina langu kwenye feni ya betri ya kupulizia mkaa. Si utani huu. Mara mbili. Nikajua si kweli. Nikazima feni, likakoma. Nikaiwasha, likarudi. Nikaizima tena, nikaja kuosha vyombo.”

Bangili ilikuwa tulivu. Egidia alikuwa hajasema neno lolote alfajiri ile, na choroko haiwezi kupima kisichosemwa. Asingesema, hakuna ambaye angejua.

“Kwa nini umeniambia?” aliuliza Wendelini. “Unajua ninachopaswa kufanya.”

“Kwa sababu ningekuwa nimeanza kuugua kweli ningekuficha. Nakumbuka nilivyowaficha wenzangu bwenini.” Aliendelea kusugua. “Nimeogopa, Baba Beata. Sikatai. Lakini pia nimezika mke mwenzangu jinsi alivyotaka, na nimesikia ukinijibu mbele za watu. Sasa unataka nirudi kwenye blanketi moja kwa moja, na nisemeje? Nilisema ukweli nikaadhibiwa?”

Wendelini alitafuta kichwani, kama desturi yake, safu ya takwimu inayohusu mgonjwa anayeitambua sauti ya kwanza na kuisema mwenyewe, siku ileile, akiwa na akili zake. Safu hiyo haikuwapo. Haikuweza kuwapo. Kwa miaka yote choroko ilikuwa imewahi mbele ya wagonjwa, na wale wachache walioteremshwa walirudishwa ngazi ya tatu mara bangili ilipopiga kelele, kabla yeyote hajaonyesha kwamba angesema. Kituo kizima hakikuwa na ukweli hata mmoja wa kumsaidia, isipokuwa huu uliokuwa mbele yake, wenye majivu mpaka viwikoni.

“Unataka niweke ngapi?” aliuliza.

Egidia aliacha kusugua. Tangu apandikizwe choroko, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

“Tatu inanizima,” alisema polepole. “Moja inanitisha. Sijui mbili ikoje.”

“Hata mimi sijui. Hakuna takwimu.”

“Mhehe asiye na takwimu. Utaishi?”

Wendelini alimpigia simu Daktari Mapunda, akamweleza yote, feni na vyote. Daktari alimtaka airudie habari ya feni. Kisha akatoa masharti: wampigie kila jioni, Egidia alale usiku kucha kwa dawa ya usingizi ikibidi, na sauti ikirudi hata mara moja, ngazi ya tatu bila majadiliano.

“Egidia, umekubali?”

“Nimekubali, Daktari.”

“Na wewe, mtani?”

“Naogopa,” alisema Wendelini. “Nimekubali.”

Akaweka mbili. Bangili ikatetemeka mara moja tu, tofauti na kawaida, na choroko ikatoa kitu ambacho hakikuwa kidogo wala kingi. Dawa huchukua karibu saa moja kuenea mwilini. Baada ya hapo wangejua imebakiza nini na imechukua nini, na huenda kisingewapendeza.

Egidia alinawa mikono, akaipangusa kwenye kitenge, akavuta sufuria nyingine, akaketi kumkabili, magoti yakikaribia kugusana.

“Una saa moja,” alisema. “Nina maneno ya miaka saba ya ndoa yetu humu ndani, na nitaanza na jinsi unavyokunja soksi. Jitetee, Mhehe.”

Alijitetea vibaya sana, naye hakumhurumia hata kidogo.